Bawabu wa Jiji la Wasioitwa

Fundi mitambo wa studio ile alikuwa na desturi yake. Waigizaji wakimaliza kusema, anawatoa nje, anafunga mlango, kisha anarekodi ukimya wa chumba kitupu. Ukimya huo ndio hutandikwa chini ya maneno ili msikilizaji asihisi sauti imekatika. Siku ile aliusikiliza, akavua vipokea sauti, akavifuta, akavivaa tena.

"Nani amebaki ndani?" akauliza.

"Hakuna," mtunzi akajibu. "Sote tuko hapa."

"Basi ukimya wenu unameza mate."

Wakacheka, maana kwa utani fundi yule hakuwa na mpinzani. Yeye mwenyewe hakucheka.

Kazi iliyowakusanya ilikuwa gemu la mtandaoni, toleo jipya lililopangwa kuachiwa kesho yake, ambalo wachezaji walilingoja kwa hamu. Humo mtu akiuawa hafufuki papo hapo kama zamani. Roho yake hushuka kuzimu, ikapita Bonde la Mashujaa, ikapita Msitu wa Majuto, hadi ifike Jiji la Wasioitwa, makazi ya wafu ambao duniani hakuna tena anayewataja. Kuzimu yote hiyo ilitoka kichwani mwa mtunzi, mwanamke mwenye kalamu nyepesi na shingo ngumu. Bawabu wa jiji aliigizwa na mdogo wake wa kiume, aliyebatizwa Besi tangu sauti yake ilipovunjika. Besi akikuomba chumvi, unadhani anakusomea hukumu.

Maneno ya bawabu tu ndiyo mtunzi hakuyatunga. Yalikuwa ya marehemu bibi yao, mganga, aliyekuwa akiita majini kwa nusu ya kwanza na kuwaruhusu waende zao kwa nusu ya pili. Sasa lango la gemu lilifunguka upesi na maneno yote hayakuenea. Mtunzi akaikata nusu ya pili, akaendelea na kazi. Kwake yalikuwa maneno matamu ya kizee, basi.

"Rudia," fundi akasema kutwa nzima, kama ilivyo ada ya kazi hiyo, na Besi akarudia. Kila aliporudia aliita, na aliyeitwa hakupewa ruhusa ya kuondoka.

Ndugu hao wawili waliishi peke yao tangu wazazi wao walipofariki, na dada ndiye aliyemlea Besi hata akawa mtu mzima. Kesho yake nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Dada akakagua jiko, akakagua pasi, akakagua waya za ukutani, asione kitu. Mchana wakakaa kula. Besi alikuwa akitafuna muda mrefu, macho kayakaza kwenye sahani.

"Umenuna nini?" dada akamtania. "Au chakula changu kimekuwa adhabu?"

Besi akainama mezani, akanong'ona, na ile sauti yake nzito ilikuwa imebaki uzi.

"Dada, mimi niko nyuma."

"Nyuma ya nani?"

"Usipaze sauti. Anakusikiliza."

Dada akaogopa, akaogopa kwelikweli, na tangu saa ile hakuweza kumwacha, akawa anamfuata chumba hadi chumba akijifanya anafagia, huku akisikia kila Besi anapovuta pumzi pumzi nyingine inaifuata, ndefu zaidi na yenye unyevu, na kila anapopita karibu naye ile harufu ya nywele inamgonga usoni, hata akageuka akaona mdogo wake kasimama mbele ya kioo bila kupepesa macho huku midomo yake ikichezacheza, na hapo ndipo akautupa ufagio, akampigia simu shangazi yao aliyerithi mkoba wa uganga wa bibi.

Shangazi akafika, akamtazama Besi kutoka mlangoni, akamvuta mtunzi pembeni.

"Bibi yako alimwita nani, na nani kamwita tena?"

Mtunzi akaeleza yote, hata kule kukata.

"Mwanangu," shangazi akasema polepole, "umemwita mgeni, ukamfungia njia ya kutokea, halafu unashangaa kalala kwako? Mimi hanisikii. Aliyeukata mwito ndiye atakayemruhusu. Mshike mikono. Sema nusu uliyoitupa."

Mikono ya Besi ilikuwa baridi. Dada akasema:

"Umesikika, umeshukuriwa. Rudi ulikotoka. Nyuma yako nafunga mlango."

Besi akaanguka kwa magoti, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na harufu ikakatika. Kisha akaomba maji.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" akauliza. "Nimekufa?"

Dada akamkumbatia, akalia bila kuona haya. Alipotulia akampigia simu bosi wa kampuni ya gemu.

"Yatoe maneno ya bawabu. Leo hii."

"Yatoke wapi? Toleo limeachiwa tangu asubuhi, na huyo bawabu ndiye anayesifiwa kuliko wote. Watu wanajiua makusudi kwenye gemu wamsikie. Tutaangalia marekebisho mwezi ujao."

Simu ikakatwa. Jua lilikuwa linazama, shangazi anamimina chai. Ng'ambo ya ukuta jirani yao, karani wa benki, mtu mzima na kitambi chake, alikuwa karudi kutoka kazini na kuketi kwenye gemu. Wakamsikia akiguna, ameuawa. Halafu ukutani ikapenya sauti ya Besi, ikiita.

Besi aliyekaa mezani akainua kichwa.

"Labeka," akasema, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Dada akamrukia, akamshika mikono, akasema maneno yote bila kuvuta pumzi. Besi akapepesa macho.

"Nini tena?"

"Nenda kamwambie jirani azime," dada akamwambia shangazi. "Mbembeleze, mtukane, vyovyote."

Shangazi akaenda. Ng'ambo kukazimwa. Nyumba ikatulia, barabara nayo ikatulia. Dada hakuiachia mikono ya mdogo wake. Akatega masikio, asisikie chochote popote, na hofu yake ikaanza kushuka.

"Labeka," Besi akasema.

Dada akayasema maneno. Besi akarudi, akafungua mdomo amwombe dada yake asimwache, lakini hakuwahi. Mahali fulani, katika mji ambao wote wawili hawajawahi kufika, mtu mwingine alikuwa ameuawa kwenye gemu.

"Labeka."