Muhuri wa Ghorofa ya Ishirini na Moja

Haya, bisha. Bisha sasa hivi kabla sijaanza, usije baadaye ukasema nilikurubuni. Nimewasimulia watu wenye vyeti vyao ukutani, wakacheka mpaka katikati. Hapo katikati hakuna aliyecheka. Mmoja aliomba tuwashe taa, na ilikuwa saa nane mchana.

Ni mwaka wa pili wa Korona, Agosti, Merrylands. Calvin alitoka kununua maziwa na dawa ya choo. Safari yenyewe ndiyo hiyo. Jua lilikuwa linazama, na siku zile upande wetu wa Sydney hukuruhusiwa kuvuka kilomita tano kutoka mlangoni kwako, na saa tatu usiku uwe umeshajifungia. Helikopta ya polisi inazunguka juu kama nzi. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, anayeogesha wazee wa watu zamu nzima, amefungwa kamba fupi kama mbuzi wa sikukuu. Calvin alikuwa amechoka mpaka na kukasirika kwenyewe.

Kwenye kona, karibu na duka la dobi lililofungwa, alisikia.

"Calvin."

Sauti ya chini. Ya mtu aliye karibu, anayetabasamu.

Akageuka. Barabara tupu... takataka tu zinaburuzwa na upepo.

"Calvin."

Kisha ikaja harufu. Pilipili. Si hii yetu ya kuwasha. Ile nyingine inayotia ulimi ganzi, kama umelamba betri.

Hakuitika. Alisimama na maziwa yake, akisubiri mara ya tatu.

Haikuja.

Unajua kwa nini hakuitika. Kama ulilelewa na bibi unajua. Ukiitwa magharibi, nyamaza mpaka mara ya tatu. Mtu hai ataita tatu. Wale wengine huishia mbili.

Na sauti ile aliijua.

Desemba, kabla dunia haijapigwa kufuli, Calvin alikwenda Chengdu, Uchina. Alidunduliza miaka miwili. Watu wa kanisani aliwaambia anakwenda kuwaona panda. Panda hakuwaona hata mkia. Alikwenda kwa sababu alisoma kwamba huko mwanaume anayependa wanaume anaweza kucheza mpaka alfajiri, na asitokee mtu wa kumpigia mama yake simu. Sydney nayo ina kumbi za namna hiyo, lakini kila alipokaribia mlango alihisi ataona uso wa shemasi fulani.

Klabu ilikuwa ghorofa ya ishirini na moja ya jengo la maofisi. Chini mlinzi anasinzia. Lifti inanuka supu nyekundu ya pilipili. Milango ikifunguka, muziki unakupiga kifuani, vikombe vya dadu vinagongwa mezani, wiski imechanganywa na chai ya kijani, sahani za tikiti maji zinapita juu ya vichwa vya wanaume wanaocheza kama hakuna kesho. Na pale mlangoni, Mrundi mrefu ameshika muhuri. Symphorien. Mchana mwanafunzi wa uhandisi, usiku mgonga mihuri. Alimgongea Calvin kwenye kifundo cha mkono, wino usioonekana mpaka uwe chini ya taa ya bluu.

"Ukiwa na huu unatoka, unarudi," alimwambia. "Mlango haukufungii."

Siku tisa. Hizo sisimulii, si zangu. Usiku wa mwisho Symphorien alimgongea tena, pole pole, palepale. "Huu ni wa kurudi, mon cher, mpenzi."

Tiketi ya kurudi Chengdu ilikuwa ya Aprili. Aprili ikakuta mipaka imefungwa. Australia hutoki, Uchina huingii. Akasogeza tarehe, ikafutwa. Akasogeza tena, ikafutwa tena. Mapenzi yakahamia kwenye simu. Symphorien naye alikuwa mtoto wa bibi, basi wakafanya mchezo: anapiga, anakata. Anapiga, anakata. Ya tatu ndiyo Calvin anapokea, anacheka, "Kumbe u hai." Mwaka mzima na nusu, kila wiki hivyo.

Alhamisi, siku moja kabla ya yale maziwa, Calvin alirudi kazini akaweka simu jikoni ichajiwe. Iliita. Ikakatika. Iliita. Ikakatika. Akajua anayo dakika kadhaa kabla ya ile ya tatu, maana Symphorien alipenda kumtesa kidogo. Akakimbilia bafuni kujitoa virusi vya kazini. Alipotoka na taulo, akamwuliza binamu yake Rufus kama simu imeita tena.

Rufus huyu, aliyewahi kuishi naye anamjua: anapakia maboksi ghalani Lidcombe, shule aliiacha njiani, mdomo haumtoshi. Alikuwa anakaanga mayai. Mwezi uliotangulia aliugua Korona ikamnyang'anya pua; hata kitunguu kikiungua hasikii harufu.

Rufus alisema simu haikuita.

Calvin akapiga yeye. Haipatikani. Akapiga mpaka simu ikapata moto.

Jumapili ukaja ujumbe kutoka Bujumbura, kwa Verdiane, dada yake Symphorien. Kaka amefariki. Chumbani kwake, peke yake, klabu imefungwa tena kwa Korona na marafiki wametawanyika. Tumbo lilimkata siku mbili. Alikutwa Ijumaa. Wewe ndiye mtu wa mwisho ambaye kaka alimpigia, Alhamisi, mara tatu.

Calvin akamjibu kwamba ni mbili, dada.

Verdiane akatuma picha ya skrini ya simu ya marehemu, aliyotumiwa kutoka Chengdu.

Tatu. Na ile ya tatu ilipokelewa. Sekunde kumi na moja.

Calvin alimwonyesha Rufus picha ile. Rufus akasema labda ni mtandao.

Jumatano kazini kulikuwa na mafunzo ya kunawa mikono. Mnapaka losheni maalumu, mnanawa, halafu nesi Cherotich anawamulika kwa taa ya bluu aone uchafu uliobaki. Mikono ya Calvin ilikuwa safi. Cherotich akapandisha taa kidogo.

"Na hii ni tattoo ama?"

Duara. Ndani yake herufi za Kichina. Mbichi, kana kwamba imegongwa asubuhi ile. Mwaka na nusu! Mtu anayenawa mara sitini kwa siku.

Kila magharibi sasa aliitwa. Mara mbili. Kwanza barabarani, halafu ngazini. Ijumaa, sauti ilifika mlangoni.

Ko.

Ko.

Rufus alikuwepo, aliisikia. Alimshika Calvin mkono, akamnong'oneza asubiri ya tatu.

Calvin akaung'oa mkono wake. "Ndege ngoja. Serikali ngoja. Bibi ngoja. Nimemngojea mtu mpaka amekufa, Rufus."

Akafungua.

"Karibu, Symphorien."

Hakuna mtu. Taa ya kibarazani na nondo wake. Lakini Calvin anasema alihisi bega likimgusa bega, kama mtu mrefu anapopita kwenye mlango mwembamba. Likampita. Halikusimama kwake.

Likaenda jikoni.

Na kule jikoni Rufus, ambaye alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye jiko, Rufus asiye na pua, aliuliza kwa sauti ndogo, "Nani amepika pilipili?"

Tangu hapo Calvin hakuitwa tena. Aliomba kumulikwa kazini, kifundo kitupu. Alilia wiki nzima, kilio kizuri, kisha akahamia Campbelltown, mwisho wa reli. Analala. Verdiane humpigia, na yeye hupokea mlio wa kwanza.

Hadithi huwa naishia hapo. Watu wanapumua.

Leo sitaishia hapo. Kuna kipande nakiruka kila siku.

Rufus ni mimi.

Simu iliita mara ya tatu. Maji yalikuwa yanatiririka bafuni. Niliona picha ya mwanaume, na moyo mwekundu pembeni ya jina lake. Nikapokea, mwiko wa mayai bado mkononi. Alisema, "Calvin, tumbo... niitie mtu." Nilimsikia vizuri. Nikamwambia amwache binamu yangu, aache kutuletea aibu. Nikakata kwa kidole gumba hiki. Nikafuta, simu isionyeshe.

Pua yangu haijarudi. Sisikii harufu ya chakula, wala ya jasho langu. Nasikia pilipili tu.

Wiki iliyopita niliingia choo kimoja kule Lidcombe, vile vyenye taa ya bluu ya kuzuia watu kujidunga sindano. Nikatazama kidole gumba. Duara.

Na jana magharibi niliitwa. Kwa jina langu. Mara mbili.

Nikanyamaza, kama tulivyofundishwa. Nikahesabu pumzi.

Bibi hakutuambia cha kufanya wale wa mara mbili wakiita ya tatu.