Wasikilizaji Mia Tisa wa Mama Abeke

Kila alipotoka shule, Abeke alipitia kibandani kwa mjomba wake Lasisi, mjini Abeokuta, Nigeria, kumsaidia kuchaji simu za watu. Simu thelathini zilipangwa mezani kama dagaa juani. Kando ya kibanda, mama yake Abeke alikaanga akara, zile bajia za kunde.

Zamani mama huyo alikuwa mwimbaji. Akitoa kanda leo, kesho wachuuzi wamekwisha kuinakili na kuiuza sokoni kwa bei ya njugu. Akachoka, akashika karai. Lakini mwaka huo Lasisi alimrekodia wimbo mmoja akauweka mtandaoni, ambako kila mara wimbo unapochezwa huhesabiwa msikilizaji mmoja na mwimbaji hupata chake. Baada ya miezi miwili, wasikilizaji walikuwa mia tisa.

"Mia tisa tu?" Abeke alinung'unika.

Basi akaanza kuufungua wimbo ule katika simu za wateja, sauti ameizima, ukajirudia mchana kutwa. Hesabu ikapaa hadi elfu ishirini. Mama akacheza mpaka rojo ya kunde ikamwagika.

Wiki ya tatu, Baba Sikiru, fundi wa matairi, alikuja amefura. "Lasisi! Bando langu limekwenda wapi? Simu yangu inachajiwa au inakamuliwa?"

Kabla Lasisi hajajibu, ujumbe uliingia simuni mwake kutoka kwa wenye mtandao ule: wimbo umeondolewa kwa kuwa umesikilizwa kwa udanganyifu. Wenyewe wajieleze ndani ya siku saba, la sivyo hautarudi tena.

Mama aliketi chini. "Wachuuzi waliniibia kanda. Leo mwizi ni mimi?"

Abeke akapiga magoti. "Mama, ni mimi. Nilitaka wawe wengi."

"Wewe mtoto! Simu za wateja wangu?" Lasisi alifoka.

"Mwache, kaka," Mama alisema. "Abeke, waandikie wenye mtandao yote, usifiche hata chembe. Kisha umwombe radhi kila mteja, mmoja mmoja, ukianza na Baba Sikiru."

Aliandika, akaomba radhi. Siku ya tano jibu likaja: wimbo umerudishwa, hesabu za uongo zimefutwa. Walibaki mia tisa na kumi na wawili.

"Hao ndio wangu!" Mama alipiga kigelegele.

Na hao wakawaambia wenzao. Kabla ya mwaka kwisha walifika elfu sitini, wengine wakiwa Cotonou na Accra, na mama akaitwa kuimba Ibadan. Alipofungua tu kinywa, ukumbi mzima ulimpokea kwa kiitikio.

Alishuka jukwaani jasho likimtiririka, akamkumbatia Abeke. "Umewasikia, mwanangu? Simu iliyozimwa sauti haiitikii. Uongo ungenipa tarakimu na kuniulia jina. Ukweli wako ndio ulioniletea watu."