Vidole kwenye Mpira wa Maziwa

Haya yalimpata shangazi yangu, mdogo wake baba, muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Si mtu wa kuzua mambo. Sinema za mashetani sisi tunajifunika shuka, yeye anacheka mpaka anakohoa.

Ulikuwa mchana wa kawaida, jua limejaa madirishani. Alikuwa akimhudumia mtoto wa kike, mdogo hata nepi ilimmeza, aliyelazwa ndani ya kisanduku cha joto. Mama yake alifariki asubuhi ileile, mara tu baada ya kujifungua. Mtoto hakuwa na nguvu za kunyonya. Alilishwa maziwa ya mama mwingine, kwa mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni.

Shangazi alianza kama siku zote. Akavuta kidogo kwa bomba la sindano, akaona majimaji ya tumbo, akaridhika. Akapitisha maji safi taratibu kuuosha mpira usizibe. Yakapita vizuri. Hapo mashine ya mtoto wa kisanduku cha pili ikalia, akaenda kumshughulikia.

Aliporudi akamimina maziwa. Hayakushuka.

Akainua bomba juu zaidi. Wapi. Akajaribu maji tena. Yakagoma. Akaufuata mpira kwa macho, akidhani umejikunja.

Haukujikunja. Ulikuwa umebanwa. Ndani ya kisanduku kilichofungwa, sehemu moja ya mpira ilikuwa bapa, kama iliyoshikwa kwa vidole viwili. Na hapakuwa na mtu.

Akapenyeza mkono, akapagusa. Palikuwa pa baridi.

“Mwache ale, mama,” alinong'ona. “Atakufa njaa.”

Mpira ukabanwa zaidi.

Akataka kukimbia, lakini angemwachaje mtoto? Akamtazama usoni. Ndipo akaona. Plasta ilikuwa imebanduka. Alama ya kipimo, inayotakiwa kukaa penye pua, ilikuwa imeteremka hadi kidevuni. Mpira ulikuwa umechomoka tumboni, ncha yake iko kooni. Maziwa yale yangeshuka, yangeingia mapafuni.

Alipouvuta, ukaachiwa.

Akaweka mpira mpya. Akapima, akaosha, akamimina. Maziwa yakashuka. Mtoto yule alipona, akaenda nyumbani akiwa na mashavu.

Lakini jioni ya siku ileile alikuja bibi yake mtoto, mzaa mama, macho yamevimba kwa kilio. Shangazi alimficha habari ya mpira. Bibi akainama juu ya mjukuu, akamchungulia midomo.

“Mwanangu, nani amemnyonyesha?”

Shangazi akamweleza kwamba hakuna, mtoto hana nguvu hizo, hajatolewa mle ndani tangu alazwe.

Bibi akapenyeza mkono, akapitisha kidole kwenye midomo ya mtoto, akakiinua kwenye mwanga kikiwa na tone la maziwa.

Maziwa ya kwenye bomba yalikuwa meupe, mepesi. Tone lile lilikuwa la njano, zito, kama yanavyokuwa maziwa ya mwanamke aliyejifungua siku hiyohiyo. Na lilikuwa bado la moto.