Kiraka cha Usingizi

Laptopu ilikuwa imefunikwa, chaja imechomolewa, na hakuna aliyeigusa. Hata hivyo, ilipofika saa nane na dakika saba mchana, feni yake ilianza kuvuma.

Fundi aliinua macho kutoka kwenye nepi alizokuwa akikunja. Hii ilikuwa siku ya tano, dakika ileile. Kisha ikaja ile harufu, kama ya utambi uliozimwa sasa hivi, na chumbani mwanawe wa miezi minane, waliyemwita Bonge kwa unene wake, akaanza kulia.

"Limekuamshia tena mtoto," alisema mama mkwe, akijiinua kitini. "Limashine gani hili lisilojua kulala? Lina umbea."

"Ndiyo kazi niliyopewa, mama. Nilifundishe kulala."

Fundi alitengeneza laptopu za watu palepale sebuleni. Zaidi ya hapo, alikuwa mmoja wa watu wa kujitolea, waliotawanyika nchi nyingi, wanaotunza mfumo huria wa kompyuta, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Fungu lake lilikuwa betri na usingizi: ukiifunika laptopu ilale, ukiifunua iamke. Aina hii kuukuu ilikuwa imewashinda wote. Ilijiamsha yenyewe ndani ya mabegi mpaka betri inakauka.

Laptopu ikiamka huandika imeamshwa na nini: kifuniko, kitufe, saa au mtandao. Hii iliandika "Imeamshwa na", halafu pakabaki patupu. Fundi aliizima saa ya ndani ya laptopu. Akachukua bisibisi, akaitoa kadi ya mtandao. Kesho yake, saa nane na dakika saba, ikavuma. Patupu.

"Kuna kitu kinaiamsha, na hakitaki kujitaja," alisema.

Mama mkwe alikuwa akishona kifungo. Sindano ikasimama hewani. "Sasa mtu anakugongea mlango, hasemi ni nani. Wewe unafanyaje?"

"Nafunga komeo."

"Wewe! Muulize kwanza anamtaka nani."

Fundi alicheka. Kumsaka mwamshaji mmoja kungemchukua wiki nzima, naye tangu ajifungue hajui usingizi wa kushiba. Basi akafanya jambo ambalo mafundi wenzake hukatazana kila siku: badala ya kumtafuta mmoja, akawafungia wote. Aliandika mstari mmoja tu: kisicho na jina, kisiamshe. Akautuma kwa wenzake kama kiraka, rekebisho dogo la kubandikwa juu ya mfumo. Msimamizi wao alikuwa na haraka ya kutoa toleo jipya, hata hakukijaribu. "Dada fundi, umetuokoa," alijibu, na siku hiyohiyo kiraka kikasambazwa kwa kila mwenye laptopu ya aina ile.

Siku ya pili, saa nane na dakika saba ilipita kimya.

Fundi alitabasamu peke yake. Akanywa chai ikiwa bado ya moto, jambo alilokuwa amelisahau. Ilipogonga saa tisa, mama mkwe alichungulia chumbani.

"Leo mjukuu wangu kaupata usingizi," alinong'ona.

Saa kumi fundi aliingia kumwamsha. Kabla hajashika chandarua alinusa ule utambi, safari hii mzito, kana kwamba mtu alikuwa ameinama juu ya kitanda na kuuzima palepale. Akamwita mtoto taratibu, akamwita kwa nguvu, akamnyanyua na kichwa kikalala begani kama cha mtoto yeyote aliyechoka, pumzi zipo, joto lipo, na kupitia mlango ulio wazi akaiona taa ndogo ya laptopu sebuleni, ile taa ya usingizi, ikiwaka polepole na kufifia polepole, na kifua cha mwanawe kikipanda nayo na kushuka nayo, bila kukosea hata mara moja.

"Bonge. Baba, amka. Amka, baba yangu."

Akamfunua kope kwa kidole. Jicho lilikuwa linamtazama. Lilimtazama kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba, kasimama dirishani.

Mama mkwe alikuja na maji, akamnyunyizia mtoto usoni. Kimya. Akamgeukia fundi. "Mwanangu, ulifunga nini?"

Hapo fundi akaelewa. Laptopu haikuwahi kumwamsha mtoto. Siku zote wawili hao waliamshwa na mkono mmoja, na mkono huo yeye ndiye aliyeufungia nje.

Alikaa chini na Bonge mapajani. Akafunua laptopu, akautafuta mstari wake, akaufuta, kisha akaifunika tena na kungoja.

Feni ikavuma. Bonge akapiga chafya, akalia kwa hasira.

Fundi akaifunua laptopu. Kwenye kioo paliandikwa: "Imeamshwa na". Patupu. Safari hii fundi hakuuliza.

Akimnyonyesha, alifungua barua za wenzake kwa kompyuta nyingine ili awaambie wakiondoe kiraka. Zilikuwa zimejaa shukrani. Moja ilisema: "Asante dada fundi, laptopu yangu haijajiamsha tangu jana. Samahani kwa swali la ajabu. Una mtoto mdogo? Wangu simwelewi leo."

"Futa mstari wangu," alimjibu. "Sasa hivi, usingoje." Baada ya dakika chache mwanamke yule alimrudishia neno moja: "Amelia."

Fundi akawaandikia wote, mamia kwa mamia. Akangoja. Majibu yalikuja machache, kisha yakakatika.

"Mbona wengine hawajibu?" mama mkwe aliuliza, akimpapasa mjukuu mgongoni.

Fundi alitazama orodha ya majina. Barua zake zilikuwa bado hazijafunguliwa. Huko zilikofika, laptopu zilikuwa zimefunikwa, zimelala vizuri kama alivyozifundisha, na nyumba zilikuwa kimya, na kina mama walikuwa wakinywa chai ya moto.