Mkufu Uliovishwa Darubini

Maziwa ya Muthoki yalianza kunuka ugoro. Mnusaji pekee wa ugoro katika boma hilo alikuwa mama mkwe wake, Kalunde, na Kalunde alizikwa mwaka uliopita hapo nyuma ya mibuni. Mtoto mchanga aligeuza uso, akakataa titi. Alikuwa amebaki ngozi na macho.

"Mwalimu, mtoto hanyonyi," Muthoki alisema alipomlaza ndani na kutoka uani.

"Ngoja kidogo, mama." Nzomo, mumewe, hakutoa jicho kwenye darubini aliyoachiwa na mmisionari. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia kwenye vilima vya Kilungu. Alikuwa akitafuta nebula, yale mawingu ya mviringo yanayotoka kwa nyota zinazokufa, na alizitaka zilizo karibu. "Hii pete ya kijani imepanuka tangu jana. Huchukua mamia ya miaka kupanuka hivyo. Lazima iwe karibu sana."

"Inamkaribia nani?"

Ndani ya nyumba mtu alipiga chafya kavu ya kizee. Ndani alikuwemo mtoto peke yake.

Asubuhi mkunga Mumbua alinusa mlango, akakataa kiti. "Mkufu wa mtoto uko wapi?"

Muthoki alifuata macho ya mumewe. Mkufu wa shanga ulining'inia kwenye darubini.

Kwa Wakamba, mtoto akizaliwa bado ni wa mizimu, mpaka baba amvishe mkufu na kumtaja jina. Hapo ndipo huwa mtu.

"Niliiona nebula siku ile ile ya kumvisha," Nzomo alisema chini chini. "Nikaipa jina la mama yangu, nikaivisha darubini mkufu. Ilikuwa mzaha tu. Mtoto ningemvisha baadaye."

"Umeupa mzimu jina na mkufu," Mumbua akanong'ona. "Mtoto umemwacha nje."

"Mimi bado navuja damu," Muthoki akasema, "na wewe unabatiza moshi."

Aliunyakua ule mkufu, na ingawa kitu fulani ndani ya bomba la darubini kiliuvuta upande wa pili, na harufu ya ugoro ikapanda mpaka machozi yakamtoka, na Mumbua akawa anamsihi, "Huo usimvishe, umeshavaliwa, tutatunga mwingine," hasira zilikuwa zimemziba masikio, akavuta, akamvisha mtoto, akamrudishia na jina, "Kalunde."

Mtoto akashika titi, akanyonya kwa nguvu. Kisha akafumbua macho. Kuzunguka kila mboni palikuwa na pete ya kijani, nayo ilikuwa ikipanuka.

Nzomo akainama, mkono ukipapasa lenzi mfukoni. "Iko karibu kabisa."

Muthoki akaokota mchi wa kinu. "Msogelee na hicho kioo uone."

Mtoto akapiga chafya, kavu, ya kizee.