Sakafu Iliyomfuata Mzee

Mzee alikuwa fundi wa saa mpaka macho yake yalipozimika. Sasa aliishi kwa binti yake, mshonaji wa nguo, na nyumba nzima aliijua kwa masikio. Kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua kumi na moja. Hadi chumba cha cherehani ni saba. Alitembea peku, bila fimbo, na hakupenda kushikwa mkono.

Siku moja aliteleza kwenye vigae vya korido akaumia nyonga. Alipopona, mshonaji na mumewe, mwalimu wa hesabu, wakakata shauri waweke sakafu ya mbao. Mbao nzima zilikuwa ghali mno. Wakanunua mbao za tabaka. Fundi aliyezitandika alikuwa mtu wa mbiombio. Asubuhi alibomoa vigae, na jioni mbao zilikuwa zimeshalala chini, zinang'aa. Kila mgeni alizisifu.

Wiki ya pili, mchana, mshonaji alimkuta baba yake amejibana ukutani, uso ameuelekeza alikotoka.

"Pita," mzee alisema kwa adabu.

Koridoni hapakuwa na mtu.

"Baba, unampisha nani?"

"Huyu aliye nyuma yangu. Leo nimempisha mara tatu. Hataki kupita."

Mshonaji aligeuka. Aliangalia mpaka mwisho wa korido. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Ni mtu gani, baba?"

"Sijui. Hana haraka. Nikikanyaga, naye anakanyaga, amechelewa kidogo tu. Nikisimama, anaongeza hatua moja, kisha kimya."

Mwalimu alipoelezwa, alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mke wangu, huo ni uzee," alisema. "Akili imeanza kumtoka. Labda arudi kwa kaka yako, alikokaa kabla ya kuja kwetu."

"Kaka yangu anashinda kazini. Atakaa na nani kutwa nzima?"

Tangu siku hiyo mzee aliacha kutembea. Chakula akawa analetewa kitandani. Miguu yake ikaanza kukonda, na alipozungumza alishusha sauti, kama mtu anayejua anasikilizwa.

Kisha alasiri moja umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono, na nyumba ikawa kimya kama kisima. Mshonaji akamsikia baba yake akitoka chumbani kwenda msalani. Akasikia hatua. Nyuma ya hatua ile akasikia nyingine, nyepesi zaidi. Tena hatua, na ile nyingine ikafuata.

Alitoka mbio. Mzee alikuwa peke yake, mkono ukutani. Mshonaji akavua viatu akamwendea. Alihesabu hatua zake mwenyewe: moja, mbili, tatu. Akasimama. Nyuma yake, mahali alipokwisha kuondoa mguu, kitu kikakanyaga.

Hakuthubutu kugeuka.

"Umemsikia?" mzee aliuliza.

"Nimemsikia, baba."

"Basi sijarukwa na akili."

"Hujarukwa."

Alimrudisha kitandani, akaenda nyumba ya tatu kwa Mama Randa. Huyu alikuwa mwanamke seremala, na jina hilo alilipata kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Alisikiliza habari yote bila kucheka. Akachukua pimamaji na ubao mrefu ulionyooka.

Walipofika, mwalimu alikuwa amerudi. Mama Randa alilala kifudifudi koridoni, shavu likigusa sakafu.

"Mzee, nisaidie. Tembea taratibu, unipite."

Mzee alisita mlangoni pa chumba chake, kisha akatembea. Mama Randa alitazama nyayo zile zikipita karibu na pua yake.

"Tumempata," alisema. "Mwalimu, njoo ulale hapa uone."

Mwalimu alilala na tai yake. Akaona ubao ukibonyea chini ya mguu wa mzee. Mguu ulipoondoka, ubao ukainuka na kugonga mwenzake. Tak.

"Hiyo ndiyo hatua ya pili," Mama Randa alisema. "Chini kuna shimo. Fundi wenu alibomoa vigae, zege likabaki na mabonde. Hakusawazisha. Mbao hizi hazikugundishwa, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Zikilala juu ya bonde, zinacheza."

Akaweka ubao mrefu chini. Katikati ya korido, vidole viwili vilipita chini yake.

"Tazama na huku. Amezibana mpaka ukutani. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kutanuka. Zikikosa nafasi, zinainuka."

"Basi tulipotea," mwalimu alisema. "Tuzing'oe, turudishe vigae."

"Ngoja kwanza." Mama Randa aliokota kipande kilichobaki, akaonyesha ncha yake. "Juu ni mbao halisi. Chini ni tabaka nyembamba zilizogundishwa, moja inakwenda hivi, nyingine inaikata. Tabaka moja ikitaka kutanuka, nyingine inaizuia. Kwa hiyo hazipindi upesi kama ubao mzima. Mguuni si baridi kama kigae."

"Ubaya wake?" mshonaji aliuliza.

"Upo. Hii ya juu ni nyembamba, unaweza kuipiga msasa mara moja tu, pengine usiweze kabisa. Ubao mzima ungeupiga miaka na miaka. Na maji yakituama, zinavimba. Msiziweke bafuni. Mkimwaga maji, futeni hapo hapo. Deki kwa kitambaa kilichokamuliwa. Na msizipake nta, mzee atateleza tena."

Mzee alikuwa amekiomba kile kipande. Alipitisha ukucha kwenye ncha yake, akahesabu tabaka. "Saba," alisema.

Mbao zilifunguliwa moja moja, zikapewa namba. Nne tu zilikuwa zimevunjika kingo. Mama Randa alijaza mabonde kwa saruji laini, akakataa kuharakishwa. Ilipokauka, alibandika karatasi ya nailoni juu ya zege kwa siku mbili. Alipoibandua, chini yake hapakuwa na tone la maji wala doa.

"Lingelowa, tungeendelea kungoja," alisema.

Ndipo akatandika nailoni nzima, juu yake kitandiko cha kuzuia kelele, kisha mbao. Kando ya kuta aliacha nafasi ya upana wa kidole, akaifunika kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, si sakafuni.

Asubuhi iliyofuata mshonaji alizima cherehani makusudi, akakaa akisikiliza. Mzee alitoka chumbani. Hatua moja. Nyingine. Katikati ya hatua hapakuwa na kitu. Alifika jikoni, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akasimama mlangoni pa chumba cha cherehani. Hakuushika ukuta.

"Niko mwenyewe?" aliuliza.

"Uko mwenyewe, baba."

Mzee aliinamisha kichwa, akaitegea sikio korido ile tupu.

"Ni vizuri," alisema. "Ila nilishaanza kumzoea."