Sanamu Iliyoipa Sebule Mgongo

Dada Pazia alipoiona ile sanamu kwenye picha hakuogopa. Alikasirika. Miezi mitano alikuwa ameipamba nyumba ile kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna kinachomuudhi mpambaji kama mwenye nyumba kuongeza takataka zake fundi akishageuza kisogo.

Nyumba ilikuwa ya mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, mwimbaji, yule ambaye mashabiki wanamwita Kinanda. Kuta za sebule Dada Pazia alizipaka rangi ya damu ya mzee, dari akaipaka nyeusi tii, akaweka sofa la manjano na mapazia ya zambarau yanayoburuta sakafuni. Picha zilipotoka mtandaoni watu wakagawanyika hapo hapo. Kuna waliosema huo ndio ujasiri, wamechoka kuona mastaa wanaishi kwenye kuta nyeupe kama za zahanati. Wengine wakasema wakilala humo wataota wamemezwa. Dada Pazia alizisoma zote, zile za sifa akizisoma mara mbili mbili. Kusemwa alishakuzoea tangu enzi za kushona mapazia, kazi iliyompa jina lile.

Lakini sanamu, hapana. Ilikuwa kwenye kona, kati ya pazia na ukuta: kitu cheusi chenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, kimechuchumaa, kimeupa ukuta uso na sebule mgongo. Kimechongwa vizuri, hilo alikubali kwa shingo upande. Hata pingili za uti wa mgongo ungeweza kuzihesabu. Ila kwa ladha yake kilikuwa kinaharibu kona nzima. Alishika simu amwambie mdogo wake, akairudisha mezani. Kinanda sasa ni mtu mkubwa, ataona anaonewa wivu. Na wakikosana, atamwona wapi Tunda?

Tunda alikuwa binti wa Kinanda, wa miaka minne. Mama yake alipokuwa akizunguka na maonyesho, ni Dada Pazia aliyemlea miaka miwili ya mwanzo, akamwogesha, akamfundisha kutembea. Mtoto alimwita mama mkubwa, na Dada Pazia, ambaye hakujaliwa wa kwake, alimpenda kuliko kitu chochote duniani. Basi akameza hasira yake, akanyamaza.

Wiki zikapita. Kinanda hakosi kujipiga picha, na kila picha ina sebule, na kila sebule ina sanamu. Siku moja mchana, Dada Pazia yuko kwenye karakana yake anakata bitana, akaona watu mtandaoni wanatukanana. Mmoja aliandika kwamba anapenda sanamu ile inavyouinamia ukuta. Mwingine akamuuliza kama macho yake ni mazima, mbona inatazama dirishani. Wa tatu akawaita wote wawili vipofu, kwani shavu na sikio vinaonekana wazi. Dada Pazia akacheka peke yake. Halafu, kwa ile tabia ya fundi ya kukagua, akafungua picha ya kila mmoja akatazama tarehe.

Ya kwanza, mgongo. Ya wiki mbili baadaye, bega. Ya jana, shavu. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Kila mtu alibishania picha ya siku yake. Akajiambia labda msafishaji anaigeuza akipangusa vumbi. Akavuta picha ya jana karibu, akatazama chini. Nyayo zilikuwa pale pale. Vidole vya miguu bado vilielekea ukutani.

Mkasi ulimtoka mkononi. Akampigia mdogo wake, akamuuliza kwa sauti ya chini ile sanamu ya kwenye kona aliinunua wapi.

"Dada, si uliileta wewe?" alisema Kinanda. "Niliikuta asubuhi ile ulipomaliza kazi. Kusema kweli siipendi. Lakini wewe ni mkubwa wangu, na mambo haya ndiyo kazi yako. Niliona nikisema utaniona mshamba."

Jamani, hebu fikiria. Watu wazima wawili, mmoja kafungwa mdomo na heshima, mwingine na hofu ya kukosana, na kitu kile kimekaa humo siku arobaini kikipanguswa vumbi, kikipigwa picha, kikisifiwa na watu maelfu.

"Tunda yuko wapi?" aliuliza Dada Pazia.

"Sebuleni. Siku hizi hataki kula mezani. Anakula pale kwenye kona." Kinanda akaongeza: "Dada, mikono yake imekuwa baridi sana."

Jirani na karakana kulikuwa na mama mtu mzima anayeuza nyuzi na vifungo, wanamwita Bibi Vifungo. Kimya kimya, bila kujitangaza, alikuwa pia akiwatibu watu wanaosumbuliwa na majini. Dada Pazia alimkimbilia, lakini hakufika hata nusu ya maelezo. Yule mama alishafunga duka.

Walifika kwa Kinanda jua likiwa bado kali, lakini wote watatu walipoufungua mlango wa sebule waliingia kwenye baridi, na harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ikawapanda puani, na ile rangi ya ukutani ambayo Dada Pazia aliichanganya mwenyewe mpaka ikamridhisha ilionekana mbichi, inatoka jasho, na kule kwenye kona, chini ya pazia, Tunda alikuwa ameketi na sahani ya chakula aliyoigawa katikati, nusu kwake na nusu kwa kile kitu kilichochuchumaa kandoye, kitu ambacho sasa kilikuwa na jicho, jicho moja la pembeni, limefumba, na kope zake zinacheza.

Bibi Vifungo aliwashika mikono, akawanong'oneza. Huyu hakuvunja mlango, alisema. Jini wa namna hii hukaa pale anapodhaniwa ni wa mtu. Kila mmoja alidhani ni wa mwenzake, na hicho ndicho kibali alichopewa.

"Moshi hautamtoa, wala fimbo," alisema. "Mkaneni. Kila anayemhusu aseme, huyu si wangu. Asipopata mwenyewe ataondoka leo hii. Akipata hata mmoja, atakuwa na huyo mpaka kufa kwake."

Dada Pazia alitangulia. Alisema, huyu si wangu, sikumleta. Kile kitu kikashusha mabega. Ile harufu ikapungua. Kinanda naye, aliyezoea kuimba mbele ya viwanja vizima, alisema kwa sauti iliyokatika katika: huyu si wangu, sikumtaka. Weusi wa kile kitu ukaanza kupauka, ukapauka zaidi, mpaka ukaweza kuiona rangi ya ukuta kupitia mgongoni mwake. Dada Pazia alilia kwa furaha. Hakuwahi kuona ukuta uliompendeza kama ule.

"Kuna mwingine anayeishi humu?" aliuliza Bibi Vifungo haraka.

Hapo ndipo Dada Pazia akakumbuka, akapiga hatua, lakini Tunda alikuwa ameshasimama. Mtoto alikuwa analia kwa uchungu, kamasi na machozi pamoja, namna walivyo watoto wakiona mwenzao anafukuzwa kwenye mchezo. Akajibana ubavuni mwa kile kitu na kukikumbatia.

"Msimwambie hivyo," alisema. "Ni wangu mimi."

Bibi Vifungo akaketi chini pale pale alipokuwa. Dada Pazia alimwita mtoto kwa majina yote aliyowahi kumbembeleza nayo, akamsihi aseme anatania, aseme si wake, mama mkubwa atampa chochote anachotaka. Tunda akatikisa kichwa. Kwenye vigae kukasikika mkwaruzo mdogo, wa nyayo zinazogeuka. Kile kitu kikasimama, cheusi tena kuliko mwanzo, kikafumbua macho yote mawili, na kikamshika mtoto mkono.